Robo ya Memori

Aliyehusika ni Mkurugenzi wa Utawala wa ofisi niliyoitumikia, pamoja na kamati ya zabuni aliyoiongoza mwenyewe. Yeye ndiye aliyepunguza memori ya seva yetu hadi robo ya kiasi kilichoombwa, na yeye ndiye aliyeamuru kadi za rejea za masjala ziondolewe. Kutokana na maamuzi hayo mawili, dada yangu mkubwa alinyang'anywa shamba lake la zabibu huko Mkonze, akafariki bila kurudishiwa. Nimelitanguliza jambo hili ili msomaji asije akadhani kwamba nasimulia bahati mbaya. Ulikuwa uamuzi, tena ulipitishwa mchana kweupe, kikao kikiwa na akidi.

Mimi nilikuwa mkuu wa masjala ya ardhi, hapa Dodoma, mpaka nilipostaafu. Sitawataja watu kwa majina. Vyeo vinatosha, na wahusika wanajijua.

Kwa wasioijua kazi ile, niseme kwamba majalada yetu yalipangwa rafuni kwa namba, kwa kufuata mpangilio wa kufunguliwa kwake. Asiyejua namba hakuwa na la kufanya mbele ya rafu zile zilizojaa kutoka sakafuni hadi darini. Njia ya kuifikia namba ilikuwa kadi, na kadi zetu zilikuwa na utaratibu ambao sijauona katika mkoa mwingine. Huku kwetu mtu hana jina moja. Mgogo akizaliwa hupewa jina la nyumbani, pengine la mvua au la njaa ya mwaka ule. Akibatizwa anapata la kanisani. Mwanamke akizaa, majirani huliweka kando jina lake na kumwita mama wa mtoto wake wa kwanza, na kumwita vinginevyo ni kumvunjia heshima. Waislamu wa mjini na wale wa Kondoa, ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara, nao wana jina la chuo cha Kurani, jina la ukoo, na jina la sokoni ambalo mtu huzikwa nalo. Wapima ardhi walipopita mashambani, miaka ile mji ulipofanywa makao makuu, waliandika juu ya jalada jina lolote walilolisikia kwa majirani.

Aliyenitangulia katika masjala alilitambua tatizo hilo mapema. Akaweka kanuni kwamba karani hafungi kumbukumbu ya mwenye ardhi kabla hajaketi naye na kumuuliza: nyumbani unaitwaje, kanisani au msikitini unaitwaje, sokoni wanakuitaje, na wewe ni mzazi wa nani? Kila jibu lilipewa kadi yake, na kadi zote zilielekeza kwenye namba ile ile. Wageni wengine waliotoka Dar es Salaam waliuona utaratibu huo kuwa wa kishamba. Lakini katika utumishi wangu wote sikuwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kisingizio kwamba jalada lake halionekani.

Kisha ikaja miaka ya mageuzi ya uchumi. Mashirika yalikuwa yakibinafsishwa, wafanyakazi wakipunguzwa, na kila ofisi ikatakiwa ijiendeshe kwa ufanisi. Neno hilo, ufanisi, tulilisikia asubuhi na jioni. Ikaamuliwa kwamba masjala yetu ipate kompyuta kubwa itakayokuwa na mtambo wa kutafutia, yaani programu inayopewa jina la mtu na kurudisha namba ya jalada lake.

Nitamke wazi kwamba sikuupinga mpango huo. Mtaalamu aliyeletwa kuusimamia alikuwa mama wa makamo, mtulivu, ambaye hakuingia katika chumba changu hata siku moja bila kubisha hodi. Alizipitia kadi zetu muda mrefu kabla hajaandika chochote. Siku aliyomaliza alikuja na karatasi ya mahitaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeziona kadi zetu?"

"Nimeziona. Mzee, hapa mna utajiri, lakini ni utajiri mzito. Kila mtu ana majina matano, na kila jina linamvuta mwenziwe. Mashine ya kawaida haitabeba."

Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua. Akagonga meza yangu kwa kidole.

"Diski ni yale makabati yako. Memori ni meza hii. Ukiwa na meza pana, unazitandaza kadi zote mbele yako. Mtu akitaja jina, unanyoosha mkono tu. Meza ikiwa ndogo, kwa kila jina unainuka, unakwenda kabatini, unarudisha ulichochukua, unachukua kingine. Kazi yote inakuwa kuinuka na kuketi."

Kwa hiyo aliomba seva yenye prosesa mbili, memori ya megabaiti mia tano na kumi na mbili, diski mbili zinazoandika mambo yale yale ili moja ikifa nyingine ibaki, kifaa cha kulinda umeme unapokatika, na kiyoyozi kwa ajili ya chumba cha seva, kwa kuwa vumbi na joto la Dodoma alikuwa ameshaviona. Katika sehemu ya memori alipiga mstari mwekundu na kuandika kwamba kiasi hicho ndicho cha chini kabisa kwa orodha ya majina yenye rejea zake zote.

Nilikuwepo katika kikao cha kamati nikiwa mjumbe mwalikwa, nisiye na kura. Mkurugenzi aliisoma karatasi ile akitabasamu.

"Mama, hizi memori zinakaa wapi?"

"Ndani ya mashine, mheshimiwa. Ni vibao vyembamba, vinapachikwa ndani."

"Vinaonekana?"

"Havionekani mpaka uifungue."

"Basi ndugu wajumbe, mnaona wenyewe. Mgeni rasmi atakuja kuzindua, ataliona sanduku, ataona skrini, ataona meza na viti. Hakuna mgeni rasmi atakayeletewa bisibisi aifungue mashine aangalie vibao. Robo inatosha. Tutaongeza mbele ya safari."

Wajumbe wakacheka. Diski ya pili nayo ikafutwa, kwa hoja kwamba haiwezekani ofisi inunue kitu kimoja mara mbili. Kilichookolewa humo kilikwenda kwenye kompyuta za mezani kwa wakuu wa idara, ambao wengi wao waliziacha zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Kiyoyozi kilinunuliwa, lakini kilifungwa ofisini kwa Mkurugenzi.

Niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema kwamba masjala haihudumii mgeni rasmi, inahudumia wananchi, na kwamba mtaalamu ametamka kiwango cha chini; kwenda chini ya hapo ni kujua kwamba mashine haitafanya kazi na kuinunua hivyo hivyo.

"Mzee wa makaratasi," Mkurugenzi akanijibu, "wewe unaogopa kompyuta itakupokonya kadi zako. Dunia imebadilika, mzee wangu. Twende na wakati."

Walicheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Siku ile ile niliandika dokezo la pingamizi na kulipitisha kwa utaratibu. Lilirudi likiwa na neno moja pembeni: "Imeonekana."

Makarani waliziingiza kadi zote katika mashine. Kazi ilifanywa kwa uangalifu, na sina lalamiko juu yao. Lakini mtambo ulipowashwa kwa majaribio, mambo yakawa kama mama yule alivyosema. Mtu alipoandika jina, taa ndogo ya diski ilianza kupepesa, ndani kukasikika mkwaruzo usiokoma, na skrini ikakaa kimya. Karani mmoja aliandika jina la baba yake mzazi, akatoka kwenda kunywa chai, akarudi, akakuta bado inatafuta. Akasema, "Huyu marehemu baba hata akiwa hai alikuwa hachelewi hivi." Tulicheka, ingawa hakikuwa kicheko cha furaha.

Uzinduzi ulikuwa umekaribia. Mkurugenzi akaja masjala akiwa amekasirika.

"Mama, mashine yako ni mgonjwa?"

"Mashine haina ugonjwa, mheshimiwa. Ina njaa. Niliomba chakula, mkaleta robo."

"Sitaki mafumbo. Nataka mgeni rasmi akiandika jina, jibu litoke hapo hapo. Fanya unavyofanya."

"Njia iliyopo ni moja. Niondoe rejea zote, libaki jina moja tu kwa kila jalada, lile lililoandikwa juu. Hapo itakuwa nyepesi. Lakini wengi hawatapatikana."

"Toa."

"Naomba agizo hilo kwa maandishi, mheshimiwa."

Mkurugenzi akamwambia kwamba mkataba wake unaisha mwezi huo na kwamba wataalamu wako wengi mjini. Mama yule alizitoa rejea, akaziweka kando katika diski ile ile moja iliyokuwepo, akaniambia kwamba memori ikiongezwa zitarudishwa kwa kazi ya siku chache. Memori haikuongezwa. Mkataba wake ulikwisha. Kiangazi kilichofuata, katika chumba kisicho na kiyoyozi, diski ile iliungua. Orodha nyepesi ya jina moja moja ilikuwa imenakiliwa katika kompyuta ya mezani ya Mkurugenzi ili awaonyeshe wageni wake, na hiyo ndiyo iliyorudishwa. Rejea hazikuwa na nakala popote.

Uzinduzi wenyewe ulifana. Mgeni rasmi aliandika jina aliloandaliwa, jibu likaja kabla hajainua kidole, na watu wakapiga makofi. Akasifu. Wiki hiyo hiyo ikatoka amri kwamba chumba cha kadi, ambacho mlango wake ulitazama barabarani, kipangishwe kwa mfanyabiashara wa kudurufu karatasi na kupigisha simu. Niliandika kwamba kadi ni nyaraka za serikali na hazitupwi bila kibali. Nilipofika asubuhi iliyofuata makabati yalikuwa uani, yako matupu. Kadi zilikuwa zimepakiwa na kuchukuliwa. Siku za mbele niliziona sokoni, zimekunjwa kuwa vifuko vya karanga, zikiwa na mwandiko wa makarani wangu. Nilinunua nilizoweza. Muuzaji alidhani napenda sana karanga.

Sasa nimfikie dada yangu.

Alikuwa ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza shule, na yeye, akiwa binti tu, akawa ndiye mama. Aliolewa Mkonze, na mumewe alipofariki akabaki na shamba. Hapo mwanzo lilikuwa la mtama na karanga, kisha akapanda zabibu, na kwa hizo zabibu alimsomesha mwanawe mpaka akawa mwalimu huko Chamwino. Alikuwa akipogoa mizabibu yake mwenyewe. Hakumwachia mtu mkasi. Ukimtembelea wakati wa mavuno utamkuta ameinama chini ya waya, mikono ina utomvu, na salamu yake ya kwanza ni kukulaumu kwa kukonda.

Ukatangazwa uhakiki wa wamiliki. Kila mwenye ardhi afike na vielelezo, jina lake litafutwe katika mashine. Atakayeonekana athibitishwe, asiyeonekana ndani ya muda uliowekwa ahesabiwe kwamba hana madai. Karatasi ya namba aliyopewa dada na wapima ardhi ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Alikuwa na cheti cha ubatizo na stakabadhi za kodi. Tangu niajiriwe nilijiwekea kanuni ya kutogusa jalada la ndugu, kwa hiyo alipanga foleni kama wengine, nami niliketi chumbani kwangu mlango ukiwa wazi. Nilisikia kila neno.

"Mama, kwenye mashine haupo," karani alimwambia.

"Nipo hapa, mwanangu. Hiyo mashine inanitafutia wapi?"

Foleni ikacheka.

"Jina lako halitokei. Una jina jingine?"

Akataja la nyumbani. Halikutokea. Akataja la mumewe. Halikutokea. Mzee mmoja nyuma yake akasema, "Mwambie labda imesahau miwani," na watu wakacheka tena. Dada naye alicheka. Alitaja majina yote ambayo watu walikuwa bado wanamwita. Kisha akakusanya karatasi zake, akazifunga katika kanga, akaja mlangoni kwangu.

"Mdogo wangu, hawajaniona."

Sikuwahi kabla ya hapo kuivunja kanuni yangu, na niliivunja siku ile bila kuona haya. Niliandika kila jina nililolijua. Niliandika la baba yetu, la babu, hata la mtoto wake wa kwanza, aliyefariki mdogo nikiwa masomoni Tabora, kama nilivyolijua kutoka katika barua ya baba. Mashine ilijibu upesi sana kila mara. Upesi ule ndio ulionichoma. Kila mara ilisema hakuna.

Nikaomba ruhusa ya kupekua majalada rafuni, moja baada ya jingine. Nilinyimwa kwa maandishi. Nilielezwa kwamba masjala imekwisha kuwa ya kisasa, na kwamba kupekua kwa mikono ni kuonyesha kutokuwa na imani na mradi. Niliwasilisha hati ya kiapo ya majirani. Ikajibiwa kwamba mashine haina upendeleo. Muda uliowekwa ulipopita, shamba likatangazwa kuwa wazi, na likapewa mwekezaji wa nyumba ya kulala wageni.

Tingatinga lilipofika zabibu zilikuwa bado hazijaiva. Dada aliomba aachwe mpaka mavuno. Dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia, "Mama, mimi natumwa tu," akazima injini ili walau avune mistari ya mbele. Akavuna zabibu mbichi. Nilimkuta ameketi pembeni ya barabara na ndoo mbili, akiwauliza wapita njia kama wanataka, na kuwaonya kwamba ni kali.

Alihamia kwa mwanawe Chamwino, katika chumba cha nyuma. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi. Hakuwahi kunilaumu. Swali lake lilikuwa lile lile, aliloniuliza hata kabla sijaketi.

"Wameniona?"

"Bado, dada. Nimeandika tena."

"Andika. Wewe una mwandiko mzuri."

Alikwenda akipungua. Hakukuwa na ugonjwa ambao daktari aliweza kuutaja. Mikono iliyozoea mkasi ikawa inakunja na kukunjua upindo wa kanga. Alifariki msimu wa kupogoa. Tulimzika Chamwino, kwa kuwa Mkonze hatukuwa tena na mahali.

Mimi nilibakiza muda mfupi kabla ya kustaafu, na sheria inataka mkuu wa masjala akabidhi majalada yote kwa kuhesabu. Kwa hiyo kile nilichonyimwa ili kumwokoa dada yangu sasa niliamriwa kukifanya ili niondoke. Tulihesabu rafu kwa rafu. Katika rafu ya chini, karibu na dirisha, nilifungua jalada ili kuangalia hali yake, nikaona ramani ndogo iliyochorwa kwa penseli: korongo upande wa magharibi, kiwanja cha kanisa upande wa kusini, na mkuyu ambao tulizoea kuketi chini yake. Lilikuwa shamba lake. Jalada lilikuwa mahali pake hasa. Halikuwa limepotea hata siku moja.

Juu yake paliandikwa mama wa mtu fulani, jina nisilolijua.

Nilipanda basi mpaka Mkonze, kwa jirani wa zamani wa dada, bibi waliyelima naye miaka mingi. Tuliamkiana kwa Kigogo, akaniletea kigoda, na nilipomtajia jina lile akaacha kupepeta.

"Nani amekuambia jina hilo?"

"Nimelikuta limeandikwa ofisini."

"Ni yule mtoto wake wa kwanza, yule wa kike. Bibi yake upande wa baba ndiye alimpa, ninyi mkajua lile la kanisani tu. Sisi huku tulikuwa tunamwita dada yako mama yake. Kisha mtoto akafa, tukaacha, naye mwenyewe hakulitamka tena. Kumwita vile ilikuwa ni kumliza kila asubuhi. Ungetaka tumwiteje?"

Wapima ardhi walikuwa wamepita katika miezi ile michache mtoto akiwa hai. Waliuliza shamba ni la nani, majirani wakataja jina la heshima, na wao wakaliandika. Dada hakuwa anajua kusoma. Hakujua kwamba katika rafu za serikali, kwa muda wote ule alioishi bila kuitwa hivyo, aliendelea kuwa mama wa mtoto yule. Karani wa kadi alijua kwamba majina yale yote ni ya mtu mmoja, kwa sababu aliketi naye miezi ile ile akamuuliza. Mashine nayo iliwahi kujua, kwa muda mfupi, mpaka ilipoamriwa isahau ili mgeni rasmi apigiwe makofi.

Nimesikia kwamba Mkurugenzi yule alipandishwa cheo na baadaye akastaafu kwa heshima zote. Nimesikia pia kwamba memori ya aina ile siku hizi iko katika simu za watoto. Mambo hayo mawili hayafuti deni.

Kwa hiyo, mimi mkuu wa masjala mstaafu, nikiwa na akili timamu, nadai rasmi yafuatayo. Aliyekuwa Mkurugenzi wa Utawala na kila mjumbe aliyekuwa na kura katika kamati ile waeleze kwa maandishi ni kwa mamlaka gani walishuka chini ya kiwango ambacho mtaalamu wao alikitamka kuwa cha mwisho, na ni nani alitoa kibali cha kuziharibu kadi za rejea. Ofisi itamke hadharani kwamba uhakiki ulifanywa kwa orodha iliyokuwa inajulikana kuwa na upungufu, na iwaite tena wote walioambiwa hawapo, wao au warithi wao, wasikilizwe kwa majina yao yote. Uamuzi uliolitangaza shamba la dada yangu kuwa wazi ubatilishwe katika kumbukumbu, hata kama mizabibu haitarudi. Maelezo hayo yasainiwe kwa jina na cheo, yasiwe ya neno moja pembeni ya karatasi, na nakala yake akabidhiwe mkononi mwanawe, mwalimu, huko Chamwino.